Ziara kwa baiskeli kutoka Kizimkazi hadi Msuka: wa kwenda nao, majira na chombo

Anayetaka kwenda ziara ya misikiti na makaburi ya kale kwa baiskeli huja bandani kwangu akiuliza bei ya tairi. Mie humuuliza kwanza anakwenda na nani. Kazi yangu ni ufundi wa baiskeli, asili yangu Wete, Pemba, na banda langu liko Mwanakwerekwe, Unguja, kwa hiyo tairi sina neno nazo, nauza. Lakini tairi hupatikana siku zote. Mtu wa kukungoja juu ya mlima wa Mkoani, Pemba, na jua la saa tano linawaka, huyo ndiye wa kutafutwa. Masheikh wetu husema mwenzi kabla ya njia, na kwa safari hii mpango ni huo huo: watu kwanza, majira ya pili, chombo mwisho.

Njia ninayowapa watu ni hii. Inaanzia msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini kabisa ya Unguja. Ukiutazama kwa nje, na paa lake la mabati, unaweza kuupita. Ndani, kwenye mihrabu, kuna maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyochongwa, na tarehe yake ni Mfunguo Pili mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Inaishia Msuka, kaskazini ya Pemba, kwenye gofu la msikiti ambao ndani ya mihrabu yake umekwaruzwa mwaka 816, yaani kiasi cha 1414. Unatoka tarehe moja unakwenda nyengine, na katikati unapita Mjini Unguja, Tumbatu, Chake, Ras Mkumbuu na Tumbe. Kwa barabara haifiki kilomita 300, pamoja na kuingia na kutoka kwenye vituo vya pembeni. Mtu mwenye afya yake, asiye na haraka, wiki moja inamtosha.

Wenzako

Watu watatu ndio wachache, sita ndio wengi. Wakizidi sita, msikiti mdogo wa kijijini hauna pa kuwalaza, mama anayekupikieni hupata tabu, na kila pancha inasimamisha jeshi zima. Wawili nao, mmoja akiumwa, wa pili hawezi kumuacha kwenda kutafuta gari.

Usianze kwa kutangaza. Ukitangaza barazani baada ya Isha kwamba unakwenda ziara Pemba kwa baiskeli, watanyosha mikono kumi na wawili, na wengi wao wanapenda maneno ya safari tu. Anza kwa kutazama nani tayari anaendesha. Wachuuzi wa samaki wanaotoka pwani alfajiri na kapu juu ya kerea wana miguu kuliko kijana yeyote wa mazoezi. Walimu wa skuli za shamba wengine huenda kazini kwa baiskeli mwaka mzima, mvua na jua. Muulize fundi wa mtaani kwako nani analeta baiskeli kutiwa mafuta kabla haijaharibika, maana huyo ni mtu wa kutunza. Halafu nenda kwa mwalimu wa madrasa au imamu, umueleze nia yako, yeye atakutajia wawili watatu ambao hungewafikiria.

Ukishapata majina, msikae kupanga. Tokeni siku moja pamoja, Mjini hadi Chwaka na kurudi. Ni kilomita sitini na kitu, nusu yake asubuhi, mnaswali Adhuhuri huko, mnarudi jua likipoa. Siku hiyo usitazame nani ana mbio. Tazama pancha ya kwanza, na isipotokea yenyewe, toa upepo kwenye tairi lako useme imepasuka. Niliwahi kuwatoa watu namna hiyo, tukasimama chini ya mwembe karibu na Dunga. Bwana mmoja, baiskeli yake ya gia, nguo zake za kung'aa, akaegemea mti akatoa simu. Kijana mchuuzi wa samaki akainama pale pale. "Ami, kaa kivulini, nachie mie." Akaipindua baiskeli juu chini, akavua tairi kwa vipini viwili vya vijiko, akaupitisha mpira mdomoni asikie upepo unatokea wapi kwa kuwa maji hakuna, akapiga kiraka, akarudisha. Mikono ikawa myeusi mpaka viwiko. Akamwambia yule bwana, "Haya kaka, wewe utatia pampu basi." Bwana akatia pampu mara kumi, akasema simu inamwita. Kijana nilimchukua, na bwana nilimwambia ukweli kwa upole, kwamba safari hii haimfai. Hakununa, alishukuru.

Jambo la pili la kutazama ni kilima. Wako wanaopanda wakapotea, ukifika juu hawapo. Mwache aende peke yake, atafika, ila si mwenzako.

Kabla ya kuondoka kuna mambo lazima yasemwe mkiwa mmekaa, chai mkononi. Kubwa ni ziara yenyewe. Visiwani kwetu wapo wanaoona kuzuru makaburi na misikiti ya kale ni jambo la kheri, na wapo watakaokusomea hadithi ya misikiti mitatu, Makka, Madina na Al-Aqsa, kwamba hazifungwi safari ila kwenda hiyo. Mkiwa watu watano, mmoja wenu ana rai hiyo, hata kama leo amenyamaza. Mwache aseme nyumbani. Kawaida mnakubaliana hivi: kwenye kaburi mnatoa salamu na kuwaombea waliolala hapo, anayetaka kusoma Yasini anasoma, asiyetaka anakaa pembeni, na hakuna kumpigia mwenzako darsa njiani. Asiyeweza kukubali sharti hilo asiende, maana ugomvi wa aina hiyo ukianza Tunguu hauishi mpaka Konde.

La pili ni fedha. Mfuko mmoja, mshika fedha mmoja, daftari. Kila mtu atoe sawa, na atoe yote siku ya kuanza. Ukiona mtu anasema "nitamalizia Pemba", msaidieni mapema kwa siri au mwambieni asubiri mwaka mwengine.

La tatu ni amiri. Sunna ni kwamba watatu wakisafiri wamchague mmoja wao. Mchagueni anayejua kusema "hapa tunalala" na watu wakalala. Msimchague mwenye elimu kubwa kwa sababu ya elimu tu, yeye awe imamu. Mwendo wenu nao ni wa yule mchovu kuliko wote: yeye akae mbele, mwenye pampu na zana akae nyuma kabisa. Mkifanya kinyume chake, wa nyuma anakufa kimya kimya na wa mbele hajui.

Akina mama na dada. Kusini utawakuta kila siku wakienda na baiskeli shambani na pwani, hakuna la ajabu. Lakini kwa safari ya kulala nje, kikundi chao kiwe chao, na maharimu wawemo. Ukienda na mkeo au dada yako, tafuta wa pili mwenye wake, ili wapate kulala pamoja nyumba za wenyeji. Buibui lifungwe mkanda kiunoni, chini ivaliwe suruali, na baiskeli iwe na kava la cheni. Bila kava msitoke.

Majira

Nenda wakati wa kusi, miezi ya sita hadi ya tisa. Mvua za masika zimekatika, kipupwe kimeingia, na upepo unatoka kusini. Ndiyo maana naanzia Kizimkazi: tangu Muyuni mpaka Msuka unasukumwa mgongoni. Wanaotaka kuanzia Pemba kushuka Unguja kwa miezi hiyo wana mapafu ya ziada. Kaskazi ikipiga, Disemba hadi Februari, geuza safari, lakini jua la wakati huo si la mchezo.

Kusi ina gharama yake, ambayo ni bahari. Mkondo wa Pemba huchafuka, watu hutapika. Na kuanzia Julai karafuu zinaanza kuchumwa Pemba. Harufu yake utaipenda, ila barabarani utakuta zimeanikwa majamvi kwa majamvi, pengine nusu ya njia. Usipite juu yake hata kwa tairi moja. Ile ni ada ya skuli ya mtoto wa mtu. Shuka, kokota, toa salamu.

Mfunguo Sita ukiangukia humo, jihesabu. Kila kijiji kina maulidi, mtashibishwa biriani na hamtalala.

Chombo

Baiskeli ya gia nyepesi ni nzuri, sikatai. Lakini ikivunjika kitu Ndagoni, kijijini Pemba, fundi wa hapo ana vipuri vya Phoenix, ile baiskeli nzito isiyo na gia. Mie naona bora Phoenix iliyotengenezwa vizuri kuliko ya kisasa iliyonunuliwa juzi, isipokuwa milima ya Pemba utaipanda kwa miguu, na hilo si aibu kwenye ziara.

Kagua hivi, mwenyewe, kabla hujampa fundi. Nyanyua gurudumu, lizungushe, tazama uwazi baina ya ringi na raba ya breki. Likiyumba, gusa spoku moja moja kwa ukucha kama unayepiga udi: zilizokaza zinalia, iliyolegea inatoa sauti mbovu. Shika cheni pale mbele kabisa ya gia kubwa, ivute ije kwako. Ukiona jino lote wazi chini yake, cheni imekwisha, na usiweke cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka. Raba za breki badilisha zote nne hata kama zimebaki nusu, kwani breki za vyuma zikilowa hazishiki, na kuteremka kuingia bandari ya Mkoani unahitaji zishike. Kiti kipandishe mpaka, kisigino kikiwa juu ya pedeli ya chini, mguu unyooke. Watu wengi Unguja hukaa chini mno, ndiyo maana magoti yanawauma.

Zana za kikundi kizima: tyubu mbili za akiba kwa kila ukubwa wa tairi mlizonazo, viraka na solusheni mbili (moja hukauka, hiyo kanuni), pampu, spana za kutosha nati zenu zote, spoku chache, grisi ndani ya kopo la dawa ya meno, na tyubu kuukuu zilizokatwa mikanda. Mikanda hiyo ndiyo ya kufungia mizigo, hakuna kamba inayoishinda. Mzigo usizidi kilo kumi. Polo la mchele likishonwa mifuko miwili ya kuning'inia pande zote za kerea linakaa chini na baiskeli haiyumbi. Ndani yake kanzu moja, msuli, kofia, shuka, taulo, paketi za chumvi ya ORS kwa anayeharisha, na mafuta ya mgando. Mafuta ya mgando ni ya mapajani. Siku ya pili utanielewa.

Njiani

Siku ya kwanza pakia baiskeli juu ya gari ya Kizimkazi, mfike mchana, mlale huko. Msikiti unaswaliwa, si makumbusho, kwa hiyo mtafuteni mtunzaji, mumuombe, muweke chochote kwenye sanduku. Alfajiri swalini hapo na mwanga ukitoka muanze. Muyuni, Kitogani, halafu Jozani ambapo miti inafunika barabara na kima punju wanakatisha bila kutazama. Matuta ya pale yameshavunja spoku za watu, punguzeni mwendo. Kilomita hamsini na kitu mpaka Mjini, na kwa utaratibu wa kuondoka baada ya Alfajiri, kupumzika saa nne, na kuanza tena Alasiri, mtafika bila ya kusukumana. Kati ya Tunguu na Mwanakwerekwe gari ni nyingi: mstari mmoja, masikio wazi, hakuna mazungumzo. Kuhusu kukusuru swala, yaani kuzifupisha safarini, hesabu ya marhala mbili, umbali unaoruhusu hilo, kwa wengi ni kilomita themanini na kitu, na nia yenu ni Msuka. Muulizeni mwalimu wenu mapema, msije kubishana juu ya hilo mbele ya birika la udhu.

Mjini piteni Malindi na Ukutani, mitaa ya Sayyid Ahmed bin Sumeit na Sheikh Abdalla Bakathir, wanavyuoni wawili waliofariki mwaka mmoja, 1925. Siku inayofuata ni Mahonda hadi Mkokotoni, barabara nyepesi. Acheni baiskeli Mkokotoni kwa mtu mnayemjua, vukeni kwa mashua hadi Jongowe, kisiwani Tumbatu, kwenye magofu ya mji wa kale na msikiti wake mkubwa uliotazama bahari. Watumbatu hawapendi mgeni azurure. Nendeni kwanza kwa sheha, kiongozi wa mtaa, elezeni nia, yeye atakupeni kijana. Hilo la sheha lifanyeni kila mahali mtakapolala, visiwa vyote viwili. Dakika tano za salamu zinakuepusheni na maswali ya usiku.

Mkisharudi Mjini, kuvuka Pemba kuna boti za mwendo kasi na kuna meli za usiku. Baiskeli inalipiwa kama mzigo. Kwa baiskeli mie nachagua meli, ina nafasi chini, ijapokuwa ni ndefu. Chombo mkiona kimejaa kupita kiasi, msipande, kaeni Mjini siku mbili zaidi. Mkipita mkondo wa Nungwi, someni Fatiha. Hapo usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ilizama Spice Islander ikienda Pemba, na mamia ya watu wetu hawakurudi. Pemba nzima ina jamaa mle.

Kutoka bandarini Mkoani mlima unakupokeeni papo hapo. Kokoteni. Kuanzia hapo hadi Chake ni kupanda na kushuka, na ndipo mtakapojua mlichagua wenzenu vipi. Chake kaeni siku mbili. Moja ni ya Ras Mkumbuu: mnaelekea upande wa Wesha, mnashika njia ya Ndagoni, barabara inazidi kuwa mbaya mpaka mnaziacha baiskeli kijijini na kwenda kwa miguu. Bebeni maji, huko mbele hakuna duka. Mtakuta kuta za msikiti mkubwa wa Ijumaa na makaburi ya minara, mengine yameanguka. Wanahistoria wengine wanahisi ndio mji wa Qanbalu alioutaja msafiri wa Kiarabu al-Masudi karne ya 10. Mie nimekaa pale nikaona tu kwamba waliochagua mahali hapo walipenda upepo. Ikiwa mguu umechoka, Wesha zipo mashua, hakuna anayekuhesabia thawabu kwa kilomita.

Chake hadi Konde ni safari ya siku moja, mikarafuu huku na huku. Msiwe na haya ya kusimama nyumbani kwa watu kuomba maji. Mpemba atakwambia "karibu" na maji yatakuja na muhogo. Ila msile nyumba ya mtu mkaondoka mikono mitupu: nunueni sukari na majani ya chai Chake, kila mahali mnaacha paketi. Konde ndiyo kituo cha mwisho. Asubuhi Chwaka ya Tumbe, kwenye msikiti wa Haruni, ambaye wenyeji wanasema ni mtoto wa Mkama Ndume, mtawala wa kale wa Pujini, na makaburi ya ukoo wa Mazrui. Baada ya Alasiri Msuka. Gofu liko kimya, kichaka kinalivamia, mwenyeji atakuonesheni penye tarehe. Msiisugue kwa kidole wala kuitia chaki ili isomeke kwenye picha. Mwanga wa jioni ukiingia kwa ubavu inasomeka yenyewe.

Kurudi, pakieni baiskeli juu ya gari Konde, pedeli zikiwa zimevuliwa na usukani umegeuzwa, la sivyo utingo atakutozeni nafasi ya mbili. Tikiti zikatwe siku mnayofika Chake mara ya kwanza, maana si kila siku kuna chombo. Bandarini Malindi wachukuzi watazivamia baiskeli kabla hamjashuka, pataneni bei kwanza. Jioni hiyo hiyo zioshwe kwa maji matamu, spoku na cheni zipakwe mafuta, chumvi ya mkondo haisubiri kesho. Na daftari la mfuko lifunguliwe pale pale gatini, watu wote wakiwepo, kila shilingi itajwe ilikokwenda. Kilichobaki kigawanywe sawa, hata kikiwa ni mia tano kwa kichwa.